Nimealikwa darasa la watu wazima sinagogi, sijui hata herufi moja ya Kiebrania, nianzie wapi?

BintiYake ameuliza:

Habari zenu wakuu. Naombeni mnisikilize kidogo maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu na sina wa kumuuliza uso kwa uso.

Nina miaka 46. Baba yangu alikuwa Myahudi, mama si Myahudi, na nyumbani hatukulelewa kwenye dini yoyote. Baba hakupenda kuongelea mambo ya kwao, ukimuuliza anakujibu kwa mkato alafu anahamisha mazungumzo. Huu ni mwaka wa pili tangu afariki. Siku tunapanga vitu vyake nikakuta kwenye sanduku kitabu kidogo cheusi, jalada limeachana na mgongo, nikakifungua kama ninavyofungua kitabu chochote kumbe nimeanzia mwisho, kile kinafunguliwa kutoka kulia. Ni siduri, kitabu chao cha sala. Kuna ukurasa una matone matone yameganda, ukipitisha kidole unayasikia, na kitabu ukikiweka mezani kinajifungua chenyewe hapo hapo. Sijui pameandikwa nini. Ninachojua ni kwamba baba alikuwa anapasoma, kitabu hakizoei ukurasa mmoja hivi hivi tu.

Sasa kuna mwenzangu kazini anasali sinagogi, kaniambia wana darasa la watu wazima kila Jumatano jioni, na Shabati (ndio Sabato, inaanza Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi usiku) baada ya sala watu hawatawanyiki, wanakaa pamoja. Kanialika, na mimi naogopa. Sijui alefu wala beti, sijui wanasimama wakati gani wanakaa wakati gani, alafu hii ya baba tu kuwa Myahudi nasikia haihesabiki. Sasa naenda kama nani? Nijifunze kwanza nyumbani nikishaiva ndo niende, au niende nilivyo? Na wakiniuliza swali mbele za watu nifanyeje? Mliopitia huko naombeni mwongozo jamani.

MzeeWaJumatano amejibu:

Pole kwa msiba wa baba, dada yangu. Nenda ulivyo. Ukisubiri uive hutaenda, nakwambia kwa sababu mimi nilisubiri miaka sita na hizo sita hazikuniongezea kitu.

Kwanza toa kichwani picha ya darasa ulilosoma utotoni, mwalimu mbele na nyie kimya. Njia ya kale ya kusoma kwa Wayahudi inaitwa havruta, maana yake ni kama urafiki au ushirika, watu wawili andiko moja katikati, wanasoma kwa sauti na wanabishana. Chumba kizima kinakuwa na kelele kama soko asubuhi, anayepita nje anaweza kudhani kuna ugomvi. Mwenzangu wa kwanza alikuwa fundi magari aliyestaafu, kidole chake cha shahada kilikuwa na kovu la moto, anakiweka chini ya mstari alafu anasema haya, hapa kinakusumbua nini? Nikimwambia hakuna kinachonisumbua hakitoi kidole. Tulikaa mstari mmoja dakika arobaini. Mimi nilikuwa nimezoea kwamba ukielewa unapita, yeye akanifundisha kwamba ukipita haraka hujaelewa, na mpaka leo nikisoma hata barua ya kawaida nakiona kile kidole.

Hilo la kuulizwa mbele za watu lisikunyime usingizi. Kwenye Mishna, ule mkusanyo wa mafundisho ya marabi uliokamilishwa mwanzoni mwa karne ya 3, kuna sehemu inaitwa Avoti, na humo Hileli, mwalimu wao wa kale, anasema mwenye haya hajifunzi, na mwenye hasira hafundishi. Yaani mzigo wameugawa, wewe uondoe haya na mwalimu aondoe ukali, ukikuta mwalimu mkali basi kasoro ni yake.

Kuhusu umri, Rabi Akiva wanayemhesabu kati ya wakubwa kabisa, mapokeo yanasema alifika miaka 40 hajasoma kitu. Akaenda na mtoto wake mdogo wakakaa mbele ya mwalimu wa watoto, baba kashika upande mmoja wa kibao na mtoto upande wa pili, mwalimu akawaandikia alefu beti. Mimi hapo kwenye kibao ndipo huwa nasimama. Mtu mzima na ndevu zake kashika kibao kimoja na mwanawe. Wewe una 46, hujachelewa hata kidogo.

Na ukiona siku moja wamefungua Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi, usishtuke na ule ukurasa. Katikati kuna maandishi ya Mishna na Gemara, yaani mjadala wa marabi juu ya hiyo Mishna, pembeni upande wa ndani kuna ufafanuzi wa Rashi, mtu wa Ufaransa aliyefariki 1105, upande wa nje kuna waliokuja baada yake na wanampinga, wengine ni wajukuu zake kabisa. Karne kwa karne zinabishana kwenye karatasi moja. Alafu kila kitabu cha Talmudi kinaanzia ukurasa wa pili, wa kwanza haupo, na walimu wengi hupenda kusema ni ili mtu ajue kwamba hata akisoma kiasi gani bado hajafika ukurasa wa kwanza. Cha kwanza kabisa kinaanza na swali bila utangulizi wowote, jioni mtu aanze saa ngapi kusoma Shema, lile tamko lao la imani? Hakuna karibu, hakuna sura ya kwanza, unadondoshwa katikati ya mazungumzo ya watu wengine. Kwahiyo hata wale unaowaona wamebobea, siku ya kwanza waliingia kama utakavyoingia wewe.

HerufiKwaHerufi amejibu:

Namheshimu sana Mzee hapo juu na kuhusu kwenda hivi hivi nakubaliana nae, ila mimi ningekusihi dada herufi uanze wiki hii hii, usingoje. Nafundisha watu wazima kusoma Kiebrania na nimeona wengi wanakaa darasani miaka wakitegemea tafsiri tu, wanajua maana lakini sala ikianza wanabaki wanaangalia viatu. Inauma ile. Herufi ni 22, tano kati yake zinabadilika umbo zikiwa mwisho wa neno, irabu ni nukta na vistari vinavyowekwa zaidi chini ya herufi. Hamna herufi kubwa na ndogo. Mtu mzima akikaa robo saa kila siku, wiki chache tu anasoma, taratibu ndio lakini anasoma. Kuelewa lugha ni safari nyingine, usizichanganye hizo mbili.

Zinazofanana ndo zinazosumbua, na hapo mtu asione aibu. Daleti na reshi tofauti yake ni kona tu, daleti kona yake ina kincha nyuma, reshi imepinda laini. Kincha hicho si kitu kidogo. Kwenye Shema, ile "Sikia, Ee Israeli", neno la mwisho ni ehadi, yaani mmoja, na kwenye gombo la Torati daleti yake inaandikwa kubwa kuliko herufi za kawaida. Ukisoma reshi hapo neno linageuka kuwa aheri, yaani mwingine. Mungu mmoja anakuwa mungu mwingine kwa sababu ya kona. Nikimwonyesha mwanafunzi hilo huwa hasahau tena daleti maisha yake yote.

Anza na herufi za jina la baba yako.

MkeWaShimoni amejibu:

Mimi sio Myahudi, mume wangu ndio, naenda nae mwaka wa nane sasa na darasani nakaa kama mtu mwingine yeyote, kwahiyo la kuingia lisikutie hofu, madarasa mengi yako wazi kwa anayetaka kujifunza. Ntakwambia yale ya mlangoni maana ndo yalinichanganya mimi.

Piga simu ofisini kabla au mwambie huyo mwenzako akutaje jina, sinagogi nyingi zina ulinzi, wanaweza kukagua mkoba na kukuuliza unakuja kwa nani, na mgeni asiyejua anaona kama amekataliwa kumbe ni utaratibu wa kila mtu. Vaa nguo ya heshima tu. Kwa jumuiya za Kiothodoksi wanawake na wanaume wanakaa mbalimbali wakati wa sala, kwingine wanachanganyika, angalia wenzio. Kusimama na kukaa fuata aliye mbele yako, na ukipotea kwenye kitabu mwonyeshe jirani, atakuwekea kidole panaposomwa bila hata kugeuka.

La muhimu, darasa la Jumatano unaandika utakavyo ila likiwa siku ya Shabati kwenye jumuiya inayoshika sheria hamna kuandika, simu inazimwa kabisa, na mambo ya hela au fomu hayazungumzwi siku hiyo. Mimi nilitoa daftari na kalamu, mama mmoja akanishika mkono kwa upole sana akanipa utepe, akaniambia weka utepe hapa ulipopenda, kesho usiku utafungua. Nikajifunza kusikiliza. Saizi nakumbuka mafundisho ya Shabati kuliko ya siku nilizoandika.

Alafu usikimbie baada ya sala! Kidushi, ile baraka ya divai na kitu cha kula baada yake, ndo watu wanafahamiana. Nilikuwa natoka haraka miezi mitatu ya mwanzo kwa woga na hakuna aliyenijua jina. Siku niliyobaki nikapewa kazi ya kukunja meza, na wiki iliyofuata watu watano waliniita kwa jina.

BintiYake amejibu:

Jamani asanteni, nimesoma zaidi ya mara moja. Jina la baba nimelitafuta, nimelinakili kwenye karatasi, lina herufi nne na mojawapo ni hiyo daleti, nimeona kona yake.

Ila hakuna aliyenijibu kuhusu baba kuwa Myahudi na mama hapana. Sitaki nifike nikaonekana nadai kitu kisicho changu.

NilikujaUkubwani amejibu:

Hili acha nikujibu mimi maana nimeongoka nikiwa na miaka 38 na kabla ya hapo nilijikwaa mno kwenye hili eneo.

Wayahudi wana madhehebu yao. Kwa Waothodoksi na kwa Wakonsavativu, Uyahudi unapita kwa mama au kwa kuongoka, basi. Wariforma wa Marekani tangu 1983 wanamtambua pia ambaye baba tu ni Myahudi, mradi amelelewa na kuishi kama Myahudi waziwazi. Kwahiyo jibu linategemea mlango unaoingia, na hili linaumiza watu kweli, sitakudanganya. Mimi kwenye sinagogi moja niliwahi kuulizwa na mtu mbele ya meza ya chakula "wewe mama yako nani?" nikaweka sahani nikaondoka na sikurudi mwaka mzima. Baadae rabi wa pengine akaniambia kwamba kumkumbusha aliyeongoka asili yake ili kumuumiza ni jambo ambalo sheria yenyewe inalikataza, marabi wamelisema wazi. Nililia kwa sababu mwaka mzima nilidhani yule mtu ndo alikuwa upande wa sheria.

Lakini dada tenganisha mambo mawili. Kuhesabiwa kwenye minyani, yaani wale watu kumi wa sala, au kuitwa mbele kwenye gombo la Torati linaposomwa, hayo yana masharti yake. Kukaa darasani kujifunza kitabu cha baba yako hakuna masharti hayo. Mwambie rabi ukweli wako wote siku ya kwanza au ya pili, faragha, dakika tano tu. Ukishasema unakuwa mwepesi, hutakuwa unasikiliza darasa huku unachungulia mlango.

Na usidhani uko peke yako. Mwaka 1920 kule Frankfurt, Ujerumani, mwanafalsafa Myahudi Franz Rosenzweig alianzisha nyumba ya masomo kwa Wayahudi watu wazima waliokuwa wamekulia mbali na mambo ya kwao, wengi walijua falsafa na sayansi lakini siduri hawajui inafunguliwa wapi. Yeye mwenyewe alikuwa amekaribia kuingia Ukristo kabla ya kugeuka. Aliwaambia tunajifunza kinyume sasa, hatutoki kwenye Torati kwenda maishani, tunatoka huko maishani tulikokuwa kurudi kwenye Torati. Ukikaa kwenye kile kiti Jumatano unakaa walipokaa wengi.

KumiNaMoja amejibu:

Wamesema ya kusoma, mimi niseme ya watu maana kwangu ndo yaliyonishika.

Nilikuwa darasa la Jumanne, tunasoma parasha, yaani sehemu ya Torati ya wiki hiyo. Torati imegawanywa sehemu 54 na mwaka unaisha nayo, siku ya Simhati Tora wanamaliza Kumbukumbu la Torati na hapo hapo wanaanza Mwanzo, hawapumziki hata siku. Nilikuwa naenda kwa ajili ya andiko tu, majina ya wenzangu nilijua nusu. Mama yangu akafariki. Siku saba za matanga wanaziita shiva, mfiwa haendi kokote, watu ndo wanamjia, na kusema kadishi, sala anayoisema mfiwa, kunahitaji watu kumi. Mimi nina ndugu wawili tu. Jumanne ile saa ya darasa nikasikia mlango, nikafungua, darasa zima limesimama nje na vitabu mkononi, hata yule ambae kila wiki tulikuwa tunapingana. Tukawa kumi na moja. Walisali, wakakaa chini karibu yangu, hakuna aliyeanza kuongea mpaka nilipoongea mimi, ndo desturi, alafu mmoja akafungua kitabu tukasoma mistari minne palepale sebuleni kwa ajili ya mama.

Kadishi ni ya Kiaramu na ndani yake hamna neno la kifo hata moja, karibu yote ni kulitukuza jina la Mungu. Sikulijua hilo mpaka niliposimama kuisema na mwenzangu wa darasa amesimama nyuma yangu ananipa neno kwa neno.

BintiYake, ukifika mwambie rabi siku baba aliyofariki, na umwambie ilikuwa saa ngapi, maana siku ya Kiyahudi inaanza jua likizama, akifariki usiku tarehe ya Kiebrania ni ya siku inayofuata. Watakutafutia siku ya kumbukumbu ya kila mwaka, unawasha mshumaa unaowaka usiku na mchana wake. Wala hili halihitaji usubiri mpaka ujue kusoma.

MzeeWaJumatano amejibu:

KumiNaMoja, Mungu akulipe kwa hiyo. Na kuhusu herufi namkubalia HerufiKwaHerufi, nilikosea kutolitaja. Niongeze tu kidogo, BintiYake ukifanikiwa jaribu usiku wa Shavuoti, ile sikukuu ya kupewa Torati, watu wanakesha wanasoma mpaka alfajiri. Saa nane za usiku watu wamechoka wanaacha kujionyesha, na maswali yanayoulizwa saa hiyo ni yale ya kweli. Kwa mwanafunzi mpya hamna usiku mzuri kama huo.

BintiYake amejibu:

Nimerudi kuwapa mrejesho, zimepita wiki tano.

Nilienda. Mlangoni waliniuliza jina, mwenzangu alikuwa ameshanitaja, ikachukua dakika moja. Rabi nilimwambia yote kwenye korido kabla hata ya kuvua koti. Akasema kuhusu hadhi yangu tutakaa tuzungumze kwa utulivu siku utakayotaka, leo kuna kiti kule karibu na dirisha. Wakanipangia na bibi wa miaka 80 na kitu, namwita Shangazi maana ndivyo darasa zima linavyomwita. Siku ya kwanza niliulizwa swali kweli, nikasema sijui, na Shangazi akasema vizuri, sasa tuna pa kuanzia, akavuta kiti.

Kuhusu tarehe, baba alifariki saa tatu usiku. Kwahiyo nilikuwa naikumbuka siku moja kabla. Nimeandikiwa tarehe yake kwenye karatasi, iko kwenye friji.

Sasa ule ukurasa. Sikumwonyesha mtu wiki za mwanzo, niliona kama ni siri ya baba. Jumamosi iliyopita nikabaki mpaka jioni, tukasubiri nyota tatu zionekane, wakazima taa kufanya havdala, ndo kuaga Shabati. Kuna kikombe cha divai, kuna kikebe cha manukato kinapita mkono kwa mkono kila mtu ananusa, na mshumaa mmoja wa kusokotwa wenye tambi nyingi unaowaka kama kijinga cha moto. Watu wananyoosha mikono kwenye mwanga wanaangalia kucha zao na kivuli kwenye kiganja. Mimi nilishika kitabu cha baba kwa sababu vya sinagogi vilikuwa vimeisha. Nikakiacha kijifungue. Shangazi akainama akaangalia kwa ule mwanga, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akanisomea taratibu wakati wengine wanaimba, hine El yeshuati, tazama Mungu ndiye wokovu wangu. Ni ule ule ukurasa, ni havdala. Yale matone ni nta.

Kijana aliyeshika mshumaa alikuwa amesimama karibu yangu, upande wangu wa kulia. Nikaelewa baba alikuwa anasimama wapi. Aliyeshika mshumaa ndo nta inamdondokea yeye na wa pembeni yake, kwahiyo ama baba alikuwa anaushika yeye ama alikuwa anasimama karibu kabisa na anayeushika, na sio mara moja, matone yapo kumi na tisa nimeyahesabu. Mwisho wanauzima kwenye divai, unalia tsss, taa zinawashwa, watu wanatakiana wiki njema.

HerufiKwaHerufi, mistari mitatu ya kwanza naisoma sasa bila kutazama karatasi. Wa nne una neno refu lenye herufi lamedi mbili linanikwamisha. Nimemuuliza Shangazi kakataa kunisomea, kasema tutalianza Jumatano.